Video Tatu za Dansi Moja

Nina video tatu za baleti moja kwenye simu yangu, na kwa miaka miwili niliamini kwamba mbili kati yake zina makosa.

Sijawahi kuona baleti kwa macho. Hapa Kamina, kusini mwa Kongo, simjui mtu aliyeiona. Video hizo nilipewa na kijana mwenye kibanda karibu na stesheni, yule anayewajazia watu nyimbo na filamu kwenye kadi za simu. Zote tatu zina hadithi moja na muziki mmoja, ila wachezaji ni wengine na jukwaa ni lingine. Ya kwanza ina pazia jekundu na picha safi. Ya pili ni ya zamani, na nyuso za wachezaji zinaonekana kama zimepakwa unga wa muhogo. Ya tatu ilipigwa kutoka mbali, mpaka wasichana wote wanalingana na kidole changu cha mwisho.

Nilichagua ya kwanza iwe mwalimu wangu. Katika sehemu ya pili msichana anabaki peke yake, na anavuka jukwaa kutoka pembe hadi pembe akizunguka. Nilisimamisha picha baada ya kila hatua. Niliweka rula juu ya kioo cha simu nipime mkono wake umepanda kiasi gani. Niliandika kila kitu kwenye daftari, kisha nikaifungua ya pili na ya tatu kuona kama zinakubaliana. Hazikukubaliana. Katika zote mbili msichana alianzia pembe nyingine na kuzungukia kulia, wakati wa kwangu alizungukia kushoto. Nikaandika kwa kalamu nyekundu: makosa. Naona aibu kusema hivyo, lakini nilifurahi. Nilidhani nimegundua kitu ambacho watu wa Ulaya hawakukiona.

Nilijifunza dansi hiyo katika ukumbi wa parokia, kwenye sementi, nikiwa na soksi mbili mbili, waimbaji wa korali wakishaondoka. Jumapili huwa nawafundisha wasichana sita wanaocheza mbele ya altare wakati wa misa. Ndio waliomwambia mtawa mpya, tunayemwita Masere, aliyetoka Lubumbashi, kwamba mwalimu wao ana dansi nyingine anayoificha. Mtawa akaniita. Kumbe utotoni alisoma baleti kwa miaka sita. Alisema huko Lubumbashi yuko rafiki yake anayefundisha, ila hapokei mtu mzima asiye na barua ya mtu anayemwamini.

"Njoo Jumamosi ya wiki ijayo unichezee hiyo dansi yako," alisema. "Nikiona kitu, nitaandika barua."

Nina miaka ishirini na mbili. Nilijua barua ya pili ya namna hiyo haitapatikana.

Siku sita kabla, mchana, nilikuwa naangalia video ya kwanza nikitafuta kosa lolote lililobaki. Mdogo wangu, anayepiga gitaa kwenye korali na kuniita Yaya, yaani dada mkubwa, alikuja akaninyang'anya simu na kuirudisha mwanzo kabisa, pale wanapoonyesha wapigaji muziki kabla ya pazia kufunguka. Mimi pale nilikuwa naparuka siku zote. Hakuna anayecheza pale.

"Yaya," akasema, "hawa bote bako ba mukono wa kushoto?"

"Nani?"

"Ba violon. Angalia. Bote banashika ule upinde na kushoto. Mu korali yetu hakuna hata mumoja, na kule bako makumi mbili?" Akacheka. "Labda njo sheria ya kule. Ukiwa wa kuume banakufukuza."

Nikafungua ya pili. Wapigaji fidla walishika upinde kwa mkono wa kulia. Ya tatu, kulia. Nikarudi ya kwanza na kuangalia makoti ya wanaume, vifungo, saa kwenye mikono. Vyote vilikuwa upande usio wake.

Nilikimbia hadi kibandani. Yule kijana hakuinua hata kichwa.

"Banaigeuzaka, mama. Mutu akiweka video ya bengine ku internet, benyewe banaitafuta, banaitosha, banaifuta. Sasa yeye anaigeuza sawa mu kioo, mashine haiitambue. Hata mipira banafanyaka vile. Hukuonaka namba mu mugongo ya bachezaji iko kinyume?"

"Dansi haina namba," nikasema.

"Basi ile njo makosa ya dansi," akasema, akaendelea na kazi yake.

Miaka miwili, yote ikiwa kinyume. Na wasichana wangu sita, ambao niliwaingizia mikono ya dansi ile kwenye wimbo wa matoleo, walikuwa wameicheza mbele ya parokia nzima.

Nilijaribu kuigeuza. Kichwani ilikuwa rahisi. Mguu wa kulia ulipotakiwa kubeba mzunguko, nilianguka kwa nyonga, nikaamka, nikaanguka palepale. Siku ya nne nilikuwa na alama ya bluu nyongani, kubwa kama kiganja, na sikuwa na upande wowote: wa zamani ulishaanza kuchanganyika na mpya. Nilimwomba mama apeleke habari kwa mtawa kwamba nina malaria.

Mama yangu alikuwa mtoto familia yake ilipolala pale stesheni na watu wengine wa Kasai waliofukuzwa hapa Katanga, wakisubiri treni ya kuwaondoa. Alirudi huku baadaye, alipoolewa, lakini mpaka leo anapita pembeni mwa njia asionekane. Nilidhani atanielewa.

"Weye unataka bantu bakuangalie," akasema akichambua sombe, majani ya muhogo, "kisha unaogopa macho yabo. Minyi sitasema uongo kwa Masere. Kama hautaki, enda umwambie weye mwenyewe."

Jumamosi nilikwenda nimwambie kwamba sitacheza. Lakini mtawa alikuwa ameshakaa kwenye benchi ukumbini, redio mapajani ikiwa na kadi yangu ya muziki, na sikupata pa kuanzia. Akawasha muziki. Mwili wangu ukachagua wenyewe upande wa zamani. Nilicheza huku nikihesabu kila kitu ambacho angeweza kukiona: pembe, mguu, bega, kushoto, kushoto, kushoto. Nilimaliza bila kuanguka. Mtawa akarudisha muziki mwanzo.

"Haya," akasema. "Sasa upande wa pili."

Amejua, nikawaza.

"Masere, nisamehe," nikasema, na yote yakanitoka: kijana wa kibanda, vifungo vya makoti, rula, kalamu nyekundu, hata malaria niliyotaka kudanganya.

Alinisikiliza akikunja uso kama mtu anayefanya hesabu.

"Mimi sikujua kwamba imegeuzwa," akasema. "Dansi hiyo sijaiona tangu utoto. Nimekuambia upande wa pili kwa sababu kila mwalimu husema hivyo. Kila hatua unaifanya kulia, kisha kushoto. Hakuna aliyekuambia?"

Hakuna. Nani angeniambia? Kwenye jukwaa wanaonyesha upande mmoja tu, na mimi nilikuwa nimeona jukwaa peke yake.

"Basi fanya," akasema.

Nikafanya. Nilianguka mara mbili, ya pili karibu na viatu vyake. Hakuninyanyua. Alisubiri niamke, akasubiri nimalize.

"Nitaandika," akasema. "Lakini nitaandika nilichokiona. Kwamba unasikia muziki vizuri, na kwamba nusu ya mwili wako haijafundishwa. Atakuweka na wanaoanza. Wale ni watoto, mwanangu. Miaka minane, tisa. Utasimama kati yao?"

Nilijiona pale, kichwa na mabega juu yao wote, nikikosea mbele ya mtoto asiyekosea. Niligundua kwamba moyoni nilitamani aninyime barua, nirudi nyumbani nikiwa nimeonewa. Hilo ningeweza kulivumilia.

"Ndiyo, Masere," nikasema.

Akasema hakusikia. Ikabidi nirudie.