Nitafutie Watakaowashinda

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 2008, Mkuu wa Michezo wa chuo hakunionyesha meza wala kiti. Alinipeleka dirishani, tukatazama wasichana wakifanya mazoezi ya mpira wa wavu katika ukumbi wa chini, kisha akasema, "Mwalimu, hawa wameshinda kila timu ya jimbo hili. Nitafutie watakaowashinda."

Nilidhani ananitania. Mimi nilikuwa nimeajiriwa kuendesha kombi ya wachezaji. Kabla ya hapo nililinda magari nje ya maduka ya mtaa wa Morningside, na kabla ya hapo, kwetu Bujumbura, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mlezi wa timu ya wavu ya shule. Hilo la mwisho nililitaja kwa kupita tu siku ya usaili, naye akalishika. Ndiyo maana aliniita Mwalimu tangu asubuhi ile mpaka alipostaafu.

Ninyi vijana mnaosoma haya huenda mkashangaa: chuo gani kinamlipa mtu atafute wa kukishinda? Ligi ya vyuo ya jimbo ilikuwa na timu chache, na nyingi zilikuwa changa. Mwaka uliotangulia wasichana wetu walizishinda zote, wakaenda kwenye mashindano ya taifa wakiimba. Huko wakakutana na mipira iliyopigwa kwa nguvu wasiyoizoea, mikono ikawaganda, wakarudi mapema bila kuimba. Mkuu alisema kuwashinda wanyonge kumewalaza usingizi. Dawa yake ilikuwa mechi za nje ya ligi, yaani zile ambazo hakuna anayekulazimisha kuzicheza, na matokeo yake hayaingii katika msimamo. Unacheza ili ujue ulipo.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani, kwa sababu timu yenye nguvu haina sababu ya kukutembelea. Ikikushinda, hakuna atakayeisifu. Ikishindwa na wewe, itachekwa hadi nyumbani kwake. Kwa hiyo mpangaji wa mechi lazima awe na kitu mkononi, na Mkuu alinifundisha kwamba vitu hivyo ni viwili. Cha kwanza ni marudiano: ukija kwangu, nami nitakuja kwako, na neno hilo halivunjwi. Cha pili ni kumtunza mgeni.

Chuo hakikuwa na vitanda vya wageni, na timu nzuri zilikuwa Pretoria na Johannesburg. Nikaenda kwa watu wa kanisa letu, Warundi na Wakongo, ambao wengi walipanga katika zile nyumba kubwa za zamani za mtaa wa Glenwood. Kiongozi wa akina mama, Mama Espérance, mzaliwa wa Uvira, alikubali kabla sijamaliza kueleza. Lakini alipowaona wageni wa kwanza wakishuka kwenye basi, alinivuta kando.

"Papa," akasema, "bale batoto beko barefu sana, na bitanda byetu biko bifupi. Miguu yabo tutaiweka wapi?"

Magodoro yalitandikwa sebuleni, miguu ikapata nafasi. Wakalishwa sombe, yaani kisamvu, maharage na samaki, wakaombewa kabla ya kulala, wakaamka wakatushinda seti tatu bila. Mwaka uliofuata kocha wao ndiye aliyenipigia simu. Aliuliza kwanza kama yule mama angepika tena, ndipo akauliza tarehe. Mpaka leo naamini Mama Espérance alipanga mechi nyingi kuliko mimi.

Somo la tatu Mkuu alinipa siku moja tukiwa tumekwama kwenye robot, zile taa za barabarani, karibu na chuo. "Mwenye nguvu anakuja kwa sababu ana hakika ya kushinda," alisema. "Siku mtakayomshinda, Mwalimu, anza kutafuta mwingine." Nililiona hilo kwa macho yangu. Klabu moja ya pwani tuliishinda kwa shida sana, na tangu siku hiyo simu yao ilikuwa haipokelewi. Ni watu wema, nawaombea, lakini hawakuja tena.

Habari za Mobeni, mtaa wa viwanda, zililetwa na Kocha wetu. Alikuwa mama wa mtaa wa Umlazi, mchezaji wa zamani, mtu wa maneno machache kiasi kwamba wasichana walikuwa wakihesabu yaliyosemwa. Alisema amesikia kuna wanawake wa kiwandani wanaocheza wakati wa chakula cha mchana, niende nikawaone.

Kiwanda kilitengeneza mikeka ya mpira, ile mizito inayotandikwa chini kwenye gereji na karakana. Uani, mahali malori yanapopakiwa, palikuwa na nguzo mbili, wavu, na mistari iliyochorwa kwenye saruji. Wanawake wenye maovaroli walikuwa wakicheza, wengi wao mama wa watoto wakubwa. Nilisimama pale na chupa yangu ya maji, nikasahau kunywa. Nahodha wao, Mama Zodwa, aliyekuwa akiendesha foklifti ya kunyanyulia mizigo, alipiga mpira mmoja uliogonga mstari wa nyuma na kuruka hadi kwenye geti la barabarani. Nilipomweleza shida yangu, alinitazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Baba, hao wasichana wako wana umri gani?"

Nikamwambia.

"Eish. Sawa na binti yangu. Tutakuja. Lakini marudiano ni hapa kwetu, na saruji yake."

Tukapeana mikono.

Wasichana wetu walipowaona wageni wakiingia ukumbini na maovaroli, wawili watatu walicheka. Kocha alisikia. Mechi ilikuwa fupi, tukashindwa vibaya. Kisha Kocha alikwenda benchini akawauliza wasichana kwa upole kama bado kuna anayetaka kucheka.

Tulipokwenda Mobeni kwa marudiano tulishindwa tena, ila siku hiyo Kocha aligundua jambo. Wale akina mama hawakuanguka hata mara moja. Mchezaji wa ukumbini huokoa mpira kwa kujitupa sakafuni, lakini aliyejifunza kwenye saruji hawezi kujitupa, atavunjika. Kwa hiyo miguu yao ilikuwa inafika kabla ya mpira. Kocha aliwasimamisha wasichana pembeni. "Msiangalie mikono," alisema. "Angalieni miguu." Tangu siku hiyo timu yetu ilibadilika. Nimeona walimu wengi maishani mwangu, wa seminari na wa shule, lakini wachache waliofundisha kama wale wanawake, ambao hawakujua kwamba wanafundisha.

Tangu mwaka 2010 ikawa desturi. Mwanzo wa msimu, wao walikuja kwetu; kuelekea mwisho wa msimu, sisi tulikwenda kwao. Hatukuwahi kuwashinda, ingawa kila mwaka pengo lilipungua. Katikati ya miaka hiyo Mkuu wangu alistaafu, nami nikawa mratibu wa mechi, na kombi ikapata dereva mwingine.

Mkuu mpya alikuwa kijana msomi, mwenye adabu. Aliniita Mzee. Mwaka 2014 tulishinda ligi, na safari ya mashindano ya taifa ilikuwa imekaribia. Marudiano ya Mobeni yaliangukia Jumamosi ya mwisho kabla ya safari. Mapema wiki hiyo Mama Zodwa alinipigia. Meneja mpya wa kiwanda alitaka kung'oa nguzo za wavu ili apange mizigo pale uani. Yeye alimwambia kwamba uwanja ule si wa kuchezea tu, chuo huja kila mwaka kushindana nao. Meneja hakuamini. Alisema atakuja mwenyewe Jumamosi aone, na asipoona chuo, Jumatatu nguzo zinang'olewa.

"Msichelewe, Baba," alisema.

Nilikuwa bado nimeshika simu Mkuu alipoingia ofisini kwangu. Alikuwa ameona ratiba, akataka niifute mechi ya Mobeni. Lindiwe, nahodha wetu, alikuwa ametoka kuuguza goti.

"Akianguka kwenye saruji ile, Mzee wangu, nitamwambia nini mama yake?"

Alikuwa na haki. Nilimweleza habari za nguzo na meneja. Alisikitika kweli, akapendekeza tupeleke kikosi cha pili. Kocha, aliyekuwa mlangoni, alikataa. Katika kazi yetu, ukimpelekea mwenyeji kikosi chako cha pili umemwambia kwamba yeye ni wa pili. Afadhali usiende.

Kuna zaburi inayomsifu mtu anayeshika neno lake hata likimtia hasarani. Nilifundishwa zaburi hiyo nikiwa mdogo. Lakini safari hii hasara isingekuwa yangu, ingekuwa ya goti la mtoto wa watu. Niliomba, na sikupata sauti wala ndoto. Nilipata tu nguvu ya kwenda kumwambia Mama Zodwa ukweli ana kwa ana, si kwa simu.

Alhamisi nilimkuta juu ya foklifti. Alizima injini akanisikiliza hadi mwisho. Nilitegemea maneno makali, nami nilikuwa tayari kuyapokea.

"Kwa hiyo shida ni saruji," alisema. "Si sisi."

"Ni saruji, Mama."

"Basi kesho tukitoka kazini mlete huyo bosi wako. Asivae viatu vya gharama."

Kumshawishi Mkuu hakukuwa rahisi. Alikuwa na shughuli nyingi za safari, na nadhani alikuja kwa heshima ya mvi zangu tu. Njia nzima alikuwa akinieleza kwa upole kwamba jibu lake halitabadilika.

Geti lilipofunguliwa alisimama palepale akitazama. Wanawake walikuwa wamepiga magoti uani, zamu yao ya kazi imeisha, wakitandika mikeka ya mpira. Ilikuwa mikeka mibovu, iliyokataliwa na wanunuzi kwa sababu ya rangi: ya bluu, ya kijani, ya kijivu iliyopauka. Kila kipande kiliumana na mwenzake pembeni, na wengine walikuwa wakiigonga kwa nyundo za mpira ikae sawa. Nusu ya uwanja ilikuwa tayari. Meneja alikuwepo, mikono ya shati imekunjwa, maana bila ruhusa yake mikeka ile isingetoka ghalani. Alikuwa akimwambia Mama Zodwa kwamba amempa bidhaa za kiwanda kwa ajili ya wageni ambao hajui kama wapo.

Mama Zodwa hakuinua kichwa. "Muulize huyo baba," alisema.

Wote wakanitazama. Nami nikamtazama Mkuu.

Mkuu alivua viatu. Alitembea na soksi hadi katikati ya mikeka, akaruka. Akaruka tena, juu zaidi, kama mtoto anayejaribu kitanda kipya. Kisha akapiga goti, akapapasa mahali vipande viwili vilipokutana.

"Hapa pameinuka kidogo," alisema.

Mwanamke mmoja alikuja na nyundo, akapagonga. Mkuu akapapasa tena.

"Kesho saa ngapi?" akauliza.

Jumamosi ile nimeshaisimulia mara nyingi kanisani, na vijana wetu huniambia, "Mzee, hiyo tunaijua." Lakini ninyi hamjaisikia. Familia za wafanyakazi zilijaa uani, wengine wamesimama juu ya mizigo. Mama Espérance alikuja na sufuria zake. Meneja aliketi kwenye kiti cha plastiki, na kufikia seti ya tatu alikuwa amesimama kama wengine. Lindiwe alicheza tangu mwanzo. Mpira mmoja alijitupa kuufuata, nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa ameshainuka, anajipangusa vumbi la mpira, goti zima.

Ilifika seti ya tano, ile fupi ya kuamua. Na katika seti hiyo, kwa mara ya kwanza tangu tuwajue, tuliwashinda.

Wasichana walirukiana. Mimi moyo ulinishuka, kwa sababu nilikumbuka somo la kwenye robot. Niliona uwanja umeponywa asubuhi na mpinzani amepotea jioni ya siku ileile. Mama Zodwa alijifuta shingo kwa kitambaa akaja moja kwa moja kwangu.

"Baba. Mwaka ujao tarehe gani?"

Nilishindwa kujizuia. Nikamwambia nilivyofundishwa, kwamba mwenye nguvu akishindwa harudi tena.

"Na nani kakwambia sisi nguvu zimetuisha?" alisema, na wenzake nyuma yake wakacheka mpaka meneja akageuka kutazama.

Kwenye mashindano ya taifa wasichana walifika nusu fainali, hatua ambayo chuo hakikuwahi kuifikia. Kombe hatukulipata. Lindiwe aliniambia baadaye kwamba hakuna timu iliyomtisha kule, kwa sababu alikuwa ameshacheza na mama zake.

Nilistaafu mwaka 2015. Namshukuru Mungu aliyenileta kwenye mji nisiokuwa na ndugu, akanipa kazi ya kubisha hodi kwa watu walio bora kuliko sisi na kuwaomba waje. Mtu akikaa muda mrefu katika kazi hiyo, majivuno humtoka yenyewe. Wapinzani wengi wananijia katika sala zangu kwa majina.

Mechi yangu ya mwisho ilikuwa marudiano ya Mobeni. Nguzo zilikuwa palepale, na mikeka ya rangi tatu imepauka kwa jua. Nilipewa kiti cha plastiki cha meneja. Akina mama walikuja na miguu yao ileile, wakatushinda seti tatu kwa moja, na Mama Zodwa akanipungia mkono kutoka upande wa pili wa wavu kama mtu aliyerudishiwa alichotuazima.

Mkuu alikuja akachuchumaa kando ya kiti changu.

"Tumepigwa, Mzee."

"Tumepigwa, Mkuu."

Aliwatazama wasichana wake, waliokuwa wakiitazama miguu ya wale akina mama.

"Sharp," alisema, yaani sawa, akainuka kwenda kuuliza tarehe ya mwaka ujao.