Lehemu Kwenye Damu

Mdogo wangu anatengeneza redio na simu hapa Tunduma. Daktari alipomwambia ana lehemu nyingi kwenye damu, alirudi nyumbani akiamini ni ile anayoyeyusha kila siku kuunganishia nyaya.

"Ni moshi, dada. Nimeuvuta miaka yote hii."

Nami niliamini. Niliacha shule baba alipoanguka ghafla shambani Iyula, mama akiwa ameshatangulia, nikabaki na huyu mmoja wa kulea. Huku kwetu mtu aliyevuta moshi hunyweshwa maziwa. Nikawa namchemshia asubuhi na jioni, na utando wa juu namwachia yeye. Vidonge alivyopewa vilipoisha, aliona kazi imekwisha. Lakini kifua kiliendelea kumbana kila alipopanda kilima cha kuja nyumbani.

Safari iliyofuata niliongozana naye. Daktari aliposikia habari ya maziwa alicheka, kisha akaacha ghafla.

"Siyo lehemu ya fundi. Ni mafuta. Yanaganda ndani ya mishipa ya moyo."

"Mafuta nitoe wapi, dokta?" mdogo wangu akauliza. "Mkanda wenyewe umeniishia matundu."

"Umezaliwa nayo." Akamvua kiatu, akaminya uvimbe mgumu nyuma ya kisigino. "Nani mwingine kwenu anao?"

"Baba alikuwa nao," nilisema. "Na kwenye viwiko pia. Watu walisema ni sugu za jembe."

Aliuliza baba alifariki akiwa na umri gani. Nilipojibu, mdogo wangu aliinamisha kichwa. Umri ule ameukaribia.

"Na wewe dada, vua viatu," daktari akaniambia.

Sikutaka. Nilijua atakachokikuta.

Sasa sote tunameza vidonge kila siku, na daktari amesema ni vya maisha. Maziwa yale nimeyaacha. Mdogo wangu hunitania: "Wenzetu wamerithi mashamba ya kahawa, sisi mafuta." Nacheka, huku nasikiliza anavyohema.

Jana tulipanda kilima pamoja. Katikati alisimama, akatoa simu, akaiweka sikioni. "Ndiyo, ndiyo, nakuja." Simu haikuwa imeita. Kulikuwa na upepo wa baridi, naye jasho lilikuwa linamtiririka mpaka shingoni.

"Tunarudi hospitali," nikasema.

"Dada, naongea na mteja."

"Mwambie asubiri."

Nikamshika mkono, tukaanza kushuka polepole.