Mtoto Niliyemfunga kwa Leso

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Sironga, miaka michache baada ya uhuru, nilikabidhiwa kengele, boksi la chaki, fimbo na watoto arobaini. Shule ya nasari ilikuwa ndani ya kanisa la Waadventista, na kila Ijumaa tulirudisha mabenchi mahali pake ili Sabato ikute nyumba safi. Msimamizi wa shule za nasari, mzee wa koti jeusi asiyecheka, alinipa mafunzo yangu yote pale mlangoni.

"Mwalimu, mtoto wa nasari afundishwe kukaa. Akijua kukaa, hayo mengine atayapata mbele."

Ndivyo tulivyofanya kazi. Watoto walikunja mikono kifuani, wakahesabu kwa punje za mahindi, wakaandika kwa kidole mchangani. Asiyetulia alichapwa. Asiyetulia hata baada ya kuchapwa alifungwa mguu kwa leso kwenye benchi. Nilionyeshwa namna ya kufunga na mwalimu aliyenitangulia, mama mpole aliyependa watoto. Sikuona ubaya, na leo sitajifanya kwamba niliuona.

Baadaye nilihamishiwa Nyamache, na huko nikampata Kemunto, msichana wa miaka mitano. Alikuwa hakai. Nikigeukia ubao, yuko dirishani. Akianza kuhesabu, anaacha punje katikati na kumfuata kuku. Swali alilijibu kabla sijalimaliza, na mara nyingi alipata. Mama yake, aliyeshinda akichuma majani chai, alinipa ruhusa kabla sijaiomba.

"Mwalimu, chapa tu. Huyu ananimaliza."

Nilimchapa, nikamfunga. Hakubadilika, ila alianza kujikojolea akiniona nimeshika leso. Hilo lilinitia aibu.

Siku moja, kwa kuchoka tu, nilimfungua nikamwambia agawe mahindi. Akampa kila mtoto punje kumi bila kukosea. Basi nikaanza kumpa agizo moja kwa wakati mmoja, nikimshika bega kwanza anitazame. Nilimketisha mbele, mbali na dirisha. Kila baada ya wimbo nilimtuma kitu: leta chaki, futa ubao. Akifanya vizuri nilimsifu papo hapo, maana sifa ya jioni alikuwa ameshasahau ni ya nini. Mama yake akakubali kujaribu hivyo nyumbani. Kufikia muhula wa tatu Kemunto aliandika jina lake, nami nilitembea kifua mbele.

Ndipo mwalimu mkuu wa shule ya msingi akaja kuchagua watoto wa darasa la kwanza. Mtoto alisubiri benchini kimya mpaka aitwe, kisha apitishe mkono juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili. Akilifikia, amekomaa. Kuandika hakukuulizwa. Sikio Kemunto angelifikia, lakini kusubiri asingeweza. Ningeweza kumwomba mwalimu mkuu amwite kwanza, lakini sikumwomba. Niliogopa asije akasema sijui kazi yangu. Nikamfunga mguu kwenye benchi na kuificha leso chini ya gauni lake.

Jina lake lilipoitwa aliruka kwa furaha. Benchi likapinduka, na watoto watatu wakaanguka naye. Mwalimu mkuu akainama, akaiona leso.

"Mnamfunga?"

"Ni mtundu kidogo, bwana."

"Mtoto wa kufungwa simtaki shuleni kwangu. Mrudishe kwa mama yake."

Nilikuwa na la kusema: kwamba anahesabu, kwamba anaandika. Badala yake niliinama kufungua fundo la leso.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwao. Kemunto aliponiona alikaa chini, akanyoosha mguu. Karibu naye palikuwa na kamba kwenye nguzo ya jikoni. Nilimsihi mama yake aitupe.

"Mwalimu, wewe uliyesomea watoto ulimfunga," alisema, akijitwika kikapu. "Mimi nina majani ya kupeleka. Nimwache na nani?"

Niliondoka, kamba ikiwa bado kwenye nguzo.

Nimestaafu zamani. Hali ile ya mtoto kushindwa kutulia sasa ina jina, na walimu vijana huja kuniuliza tulifanyaje wakati hakukuwa na daktari wala kitabu. Nawaeleza habari ya agizo moja, bega, na sifa ya papo hapo, nao huandika. Kisha huuliza mtoto huyo alifika wapi. Nawaambia ukweli: hakuingia darasa la kwanza mwaka ule, wala mwaka mwingine wowote, kwa sababu niliona haya kumwombea aitwe kwanza.