Nilivyompunguzia Binti Yangu Miaka Mitatu

Safari nzima ilitugharimu shilingi elfu ishirini na moja, mia nne na hamsini. Nimehesabu mara mbili. Gari la kukodi pamoja na mafuta, elfu saba na mia tano, baada ya mwenyewe kuanza na tisa na mimi kuanza kuondoka. Nyumba ya wageni kule kisiwa cha Rusinga, kulala siku mbili na chakula juu yao, elfu kumi na mbili na mia tano. Mashua, elfu moja. Soda, njugu na mahindi ya kuchoma njiani, mia nne na hamsini. Kwa haki ingefika elfu ishirini na tatu, mia tisa na hamsini. Hiyo elfu mbili na mia tano iliyokosekana ndiyo imenikalisha hapa kuandika.

Mimi nauza viatu vya mitumba Migori mjini, na siku ya soko hubeba gambuti, vile viatu virefu vya mpira, kuwapelekea wachimba dhahabu wa Masara. Ukishamuuzia gambuti mtu ambaye bado hajaona dhahabu wiki hiyo, huwezi tena kuamini kwamba kuna bei isiyoteremka. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Yeye huamini bei iliyoandikwa ukutani. Kwa hivyo mambo ya kulipa ni yangu, na yeye hushika mabegi.

Watoto wetu ni watatu: kijana wa miaka tisa, kitinda mimba wa miaka mitatu, na katikati yao msichana. Huyo alikuwa anatimiza saba Jumamosi, siku yetu ya pili kisiwani. Tulikuwa tumemwambia tangu mwezi wa sita kwamba safari ni ya kusherehekea yeye. Alikuwa amewatangazia majirani, wateja wangu na kinyozi.

Nilipopiga simu kuulizia bei, niliambiwa watoto chini ya miaka mitano ni bure, kuanzia mitano ni nusu. Nikamtazama msichana wangu. Ana mwili mdogo, amefuata upande wetu. Sikumwambia mtu kitu mpaka tulipofika Mbita, karibu na daraja la kuvukia Rusinga. Hapo nikamwomba dereva asimame, nikawapangusa watoto nyuso, na nilipofika kwake nikasema:

"Kuanzia hapa mpaka turudi, wewe uko na miaka minne."

"Kwa nini?"

"Ni mchezo tu."

"Na kesho?"

"Kesho pia."

Kaka yake alikuwa ameshaelewa. "Rudi chekechea, PP1, mtoto! Utalala saa sita mchana na blanketi!"

Kulikuwa na shida moja. Meno yake mawili ya mbele, ya juu, yalikuwa yameng'oka mwezi uliotangulia, na mtoto wa miaka minne bado hang'oki meno. Nikamwambia asicheke na mdomo wazi.

"Na mtu akinichekesha?"

"Cheka hivi." Nikamwonyesha, midomo imebanwa. Akasimama mbele ya kioo cha pembeni cha gari akajizoesha mara tatu, mara nne, akiwa makini kama mtu anayejaribu kiatu. Mwalimu akakohoa. Huyu ni mtu ambaye kila mwaka huandikisha watoto wa watu akiwa na vyeti vyao vya kuzaliwa mkononi, tarehe kwa tarehe. Alikohoa, basi, akarudi kwenye gari.

Mapokezi niliongea Kiswahili. Kijaluo kingeniponza: ukisalimiana na mtu Kijaluo, dakika ya pili mnatafutana wa wapi na mmeoleana vipi, na ndugu huwezi kumdanganya kwa raha.

"Huyu kijana tisa. Na huyu msichana?" aliuliza dada wa mezani.

"Minne."

"Anakaa mkubwa."

"Ni viatu. Viatu vyangu hupandisha mtu."

Akacheka, akaandika. Msichana wangu naye akacheka, midomo imebanwa. Nikajisikia fundi.

Kile ambacho sikuwa nimekihesabu ni kwamba umri una kazi zake. Kidimbwi kikubwa chenye mtelezo kilikuwa cha watoto wa miaka mitano kwenda juu. Wadogo walikuwa na chao, kama karai la kufulia. Ijumaa jioni nzima alikaa humo na mdogo wake, maji yakimfika magotini, akimwangalia kaka yake akiteleza na kupiga kelele. Hakulalamika. Mtoto akilalamika unapata mahali pa kugombana naye. Yeye aliniuliza tu, polepole, "Mama, mtoto wa miaka minne anaruhusiwa kuweka kichwa ndani ya maji?"

Jumamosi asubuhi, siku yake, nilimnong'oneza heri ya siku ya kuzaliwa chumbani, mlango umefungwa. Akanong'ona asante. Halafu kukawa na mashua ya kuzunguka kisiwa, na msimamizi akasema jaketi za kuokolea alizonazo ni kubwa mno kwa mtoto wa chini ya miaka mitano. Mwalimu akanitazama. Pale ningeweza kusema. Ningelipa tofauti, ningeaibika dakika moja, na aibu ya dakika moja sokoni huwa naila bila chumvi. Nikasema, "Nyinyi nendeni, sisi tutabaki."

Tukabaki. Kulikuwa na mama mmoja wa jikoni, umri wa mama mkwe wangu, ambaye watoto wote walimwita dani, yaani nyanya. Alikuwa anaparua ngege, akampa msichana wangu kazi ya kuhesabu samaki waliokwisha.

"Nyathina, mtoto wangu, uko na miaka ngapi?" akamuuliza.

Vidole vinne juu. Mdomo umefungwa.

"Ai. Na umehesabu mpaka ishirini na sita bila kukosea."

"Baba yake ni mwalimu," nikadakia.

Wakati wa chakula cha mchana kukatokea kitu ambacho hadi leo kikinijia nikiwa kazini naacha kupanga viatu. Familia moja kutoka Kisumu ilikuwa na mtoto aliyezaliwa siku hiyo hiyo. Watu wa jikoni wakatoka wakipiga masufuria kwa miiko, wanaimba, dani mbele na keki. Watoto wote wakasimama kupiga makofi. Dani akauliza kwa sauti, "Na nani mwingine amezaliwa leo? Keki ni kubwa!"

Msichana wangu akanigeukia. Aliniangalia vile mteja huangalia muuzaji akingoja kusikia bei ya mwisho. Mimi nikaangalia samaki. Nikatoa mwiba ambao haukuwepo. Nilipoinua macho alikuwa ameshakaa, anapiga makofi na wenzake, midomo imebanwa. Alipewa kipande cha keki ya mtu mwingine akala chote, na akasema asante kwa Kijaluo.

Jumapili tukiwa kwenye daraja, tunarudi, akauliza kutoka kiti cha nyuma: "Mama, sasa naweza kuwa saba?"

"Sasa unaweza."

"Si mpaka Homa Bay?"

"Hapa hapa."

Hakucheka. Homa Bay mjini niliwasimamisha nikanunua keki, nikalipa bei waliyotaja, Mwalimu akatoa macho. (Hiyo keki siiweki kwenye hesabu ya safari.) Msichana akaitazama akasema tumpe mtoto mdogo, yeye siku yake ilikuwa jana.

Tulipofika nyumbani nilipitia picha kwenye simu. Ni arobaini na moja. Nimezihesabu mara mbili, na mara ya tatu nikitumaini nimekosea. Kwenye kidimbwi, chini ya miti, mbele ya ziwa, kaka yake amepanua mdomo mpaka unaona chakula. Yeye, hakuna hata moja ambayo amefungua wake. Yale mapengo mawili aliyokuwa akiwaonyesha wateja wangu kabla hawajauliza bei, hayamo. Na sasa meno mapya yameanza kuchungulia, kwa hivyo sina namna ya kurudi kuyapiga picha.

Nilitafuta namba ya ile nyumba ya wageni nikatuma elfu mbili na mia tano. Dada wa mapokezi akapiga kuuliza ni ya nini. Nikaanza kujieleza kwa Kiswahili, nikachoka njiani, nikamaliza kwa Kijaluo. Akacheka, akampa dani simu.

"Tulijua, nyathina," dani akasema. "Mtoto alipiga miayo siku ya kwanza tu. Meno hayapo."

"Mbona hamkusema?"

"Ulikuwa umekuja kupumzika. Tungekuharibia?" Halafu, kidogo: "Lakini mwambie sasa acheke."

Kwa hivyo alibana mdomo siku tatu bure. Waliohitaji kudanganywa walikuwa wanajua, na aliyeendelea kuubeba uongo alikuwa peke yake yule wa miaka saba.

Pesa zimefika, deni limeisha, upande huo sina wasiwasi. Upande wa pili ndio sijui. Juzi nilimwambia Desemba tutaenda kwa nyanya yake, atacheza mpaka achoke. Akaweka kitabu chini akaniuliza, bila ubaya wowote, "Hiyo ni ya ukweli ama ni ya hoteli?"

Nikasema ni ya ukweli. Akasema sawa, akaendelea kusoma. Sikujua kama nimeaminiwa. Tangu hapo anauliza hivyo kwa kila kitu, hata nikimwambia chai iko tayari, na kila mara najibu, na kila mara naona anapima jibu.

Nyinyi mliolea watoto kabla yangu, niambieni. Nimejaribu keki, nimejaribu kuomba msamaha, naye alinijibu "hakuna shida" kama mtu mzima. Mtoto uliyemnyang'anya siku moja analipwa nini, na utajuaje kwamba amekubali malipo? Sitaomba mpunguze bei. Nitajieni tu.