Maneno Yaliyobaki kwa Mama

Mama yangu alipoteza maneno akiwa shambani kwake Mitunguu, asubuhi, akimwagilia katika zamu yake ya maji. Jirani tunayepakana naye ndiye aliyemkuta ameketi chini kati ya migomba, mpira wa maji ukimwaga ovyo miguuni pake, mkono wa kulia umelala mapajani kana kwamba si wake.

"Mama, umeanguka?" jirani akamwuliza.

Mama akamtazama, akafungua kinywa, kikatoka kitu kimoja tu. "Haya."

Akaulizwa kama anaumwa. "Haya." Akaulizwa aitiwe nani. "Haya, haya."

Mimi nilikuwa Embu kazini. Ni mkalimani wa mahakama. Mzee akisema kwa Kimeru au Kiembu, mimi humpelekea hakimu kwa Kiswahili, na hakimu akijibu, humrudishia mzee. Nimezoea kuona watu wakisimama mbele ya wageni wakitafuta neno. Huwa nasubiri kidogo, neno linakuja, nalichukua. Kwa hiyo nilipofika hospitalini nikamkuta mama kitandani, nilifanya nilivyozoea. Niliketi, nikasubiri. Neno halikuja.

Daktari alisema ni kiharusi, na kwamba kimeumiza upande wa kushoto wa ubongo.

"Anatuelewa?" nikauliza.

"Anaelewa karibu yote. Shida ni kutoa maneno."

Ili mtu aelewe uzito wa habari hiyo, inafaa ajue mama alikuwa nani. Baba alifariki nikiwa darasa la sita, na mimi ndiye mtoto wa pekee. Mama alilima ndizi, akanisomesha, lakini watu wa kwetu hawakumjua kwa ndizi. Walimjua kwa maombi. Mgonjwa akizidiwa, arusi ikikaribia, mvua ikichelewa huko juu ambako mto wetu unaanzia, aliitwa yeye. Hakuwa na kitabu wala karatasi. Aliomba kwa maneno yake mwenyewe, bila haraka, akimweleza Mungu mambo kwa mpangilio kama anayemweleza jirani mwema: ng'ombe wa fulani amekataa kula, barabara ya kuelekea shuleni imekatika, vijana wa boda boda wanaendesha vibaya na mama zao hawalali. Nikiwa msichana niliona aibu kidogo. Nilifikiri Mungu ana kazi kubwa kuliko ng'ombe wa fulani. Baadaye nilienda kuishi mjini, na kanisa kwangu likawa la arusi na mazishi.

Niliomba likizo, tukamrudisha nyumbani. Nilimwosha, nilimlisha uji, nilimnyoosha vidole vya mkono wa kulia kimoja kimoja kama nilivyofundishwa na wauguzi. Akitaka kitu, nilitaja vitu vyote vya nyumbani hadi nikipate. Kikombe? Leso? Dirisha? "Haya," alisema kwa kila kimoja, na macho yake yakasema hapana, hapana, hapana.

Wiki ya pili wanawake wa kikundi chake cha kanisa walikuja kumwona, kama kumi hivi. Walileta unga na maziwa, wakakaa, wakaimba kidogo kwa sauti ya chini. Kisha mwenyekiti wao akainamisha kichwa, akaanza Sala ya Bwana kwa Kimeru, wote wakafuata.

Mama naye akafuata.

Sikuamini. Nilifungua macho, nikamtazama mdomo. Hakuwa akiguna wala kukisia. Alisema kila neno, zima, kwa lafudhi yake ile ya kwetu Imenti, hadi Amina. Wanawake wakafumbua macho. Mmoja akapiga magoti. Mwingine akalia, "Bwana asifiwe, amerudi!"

Nilimshika mama bega. "Mama, sema. Unataka nini?"

Akafungua kinywa kwa furaha. "Haya," akasema. Na furaha ikamtoka usoni.

Wanawake waliondoka wakiita jambo hilo muujiza. Mimi nilibaki na swali ambalo halikuniacha nipike wala nifue. Yale maneno yalikuwa wapi? Kama mtu anaweza kutamka neno mkate akiwa anasali, kwa nini hawezi kulitamka akiwa na njaa, na mkate upo mezani mbele yake?

Nilichukua daftari la shule nikaanza kumjaribu, na naona haya kidogo kusema kwamba nilifurahia. Nilimwomba ahesabu; alipoanzishiwa moja, alifika ishirini bila kukwama. Siku za juma, zote. Nyimbo za kanisani, ubeti baada ya ubeti, hata zile ambazo mimi nilikuwa nimezisahau. Salamu za asubuhi. Lakini nikimkatiza katikati ya wimbo na kumwonyesha kijiko, hakuna. Nikimwanzishia tena, anaendelea. Niliandika yote: anachoweza upande huu, asichoweza upande ule.

Daftari hilo nililipeleka hospitalini siku ya kliniki. Kulikuwa na binti mmoja, mtaalamu wa usemi, mzaliwa wa Laare, aliyekuja pale mara moja kwa wiki. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akatabasamu.

"Kwa hiyo shosho anasali?" akauliza, akimwita mama bibi kama vijana wa kwetu wanavyowaita wazee.

"Anasali vizuri kuliko mimi. Lakini hawezi kuomba maji ya kunywa."

"Inatokea kwa wengi. Vitu tulivyovikariri tangu utotoni, nyimbo, sala, kuhesabu, ubongo hauviweki pale unapotengenezea sentensi mpya. Kilichoumia kwa shosho ni pale pa kutengenezea."

"Basi si muujiza," nikasema. Sijui kama nilisema kwa ushindi au kwa masikitiko.

Akanirudishia daftari. "Mimi nimekwambia yanakaa wapi. Sijasema ni nani aliyeyaweka."

Kisha akatupa kazi. Tusimlazimishe mama kusema; tumwimbie kile anachotaka kusema, kwa tuni anayoijua, huku tukimgongagonga mkono wa kushoto kwa mapigo. Tukaanza siku hiyohiyo. Na-ta-ka ma-ji, kwa tuni ya wimbo wa Krismasi. Ni-me-shi-ba. Yeye mwenyewe alichagua tuni nyingine. Ile ya kwenda choo aliiweka kwenye wimbo mzito wa mazishi, akauimba kwa uso wa huzuni kabisa, tukacheka sote wawili hadi ikabidi nimharakishe chooni.

Ningependa kusema mambo yaliendelea hivyo. Lakini habari za sala yake zilikuwa zimefika kanisani, na Jumapili moja tuliombwa tumpeleke akatoe ushuhuda. Nilisita. Mama aliposikia aliitikia kwa kichwa, akaonyesha kabati, nikamvalisha gauni lake la bluu na kitambaa cha kikundi.

Alisimama mbele akinishika mkono. Alipewa kipaza sauti, akasema Sala ya Bwana yote, na kanisa zima likapiga makofi. Watu walilia. Mchungaji wetu, mtu mwema aliyetaka mema, akamsogelea akamwambia, "Sasa mama, tuambie kwa maneno yako mwenyewe. Mungu amekutendea nini?"

Niliona jasho likimtoka juu ya mdomo. Alijaribu. Mimi niliyekuwa karibu nilisikia pumzi ikipanda na kushuka.

"Haya," akasema ndani ya kipaza sauti. "Haya. Haya."

Watoto wa viti vya mbele wakacheka, kama watoto wanavyocheka. Mchungaji akasema Amina haraka, kwaya ikaanza kuimba.

Tuliporudi nyumbani mama alivua kitambaa cha kikundi kwa mkono mmoja, akakiweka chini ya godoro. Tangu siku hiyo hakusali wala kuimba. Nilimwanzishia nyimbo, akageuka ukutani. Wanawake wa kikundi walipokuja na kuanza sala yao, alifumbua macho akatazama dari hadi walipomaliza. Mwenyekiti aliniuliza nje, kwa kunong'ona, "Amemwacha Mungu?" Nilijua tu kwamba mtu aliyekuwa akimweleza Mungu habari za ng'ombe na barabara alikuwa amebakiwa na sala moja aliyoikariri utotoni, na watu walikuwa wamempigia makofi kwa hiyo moja, bila kuona zile elfu alizopoteza.

Wiki tatu zilipita hivyo. Likizo yangu ilikaribia kuisha. Nilikuwa sijapata mtu wa kukaa naye, migomba ilikuwa imejaa majani makavu, na mgongo uliniuma kwa kumwinua. Mchana mmoja nilikuwa nikisonga ugali, sufuria ikateleza jikoni, ugali wote ukamwagika mavumbini. Ni kitu kidogo sana. Lakini nilikaa chini palepale karibu na moto nikaanza kulia, kwa sauti, kama ambavyo sikuwahi kulia tangu tumzike baba.

Nilisikia fimbo yake. Alikuja akiburuta mguu, kutoka chumbani hadi jikoni, mwendo ambao hakuwa ameutembea peke yake hata siku moja. Akasimama juu yangu, akaweka mkono wa kushoto kichwani pangu, akaanza Sala ya Bwana.

Aliisema polepole. Alipofika pale pa kuomba mkate, akasimama. Nilifikiri amesahau, nikataka kumsaidia, kisha nikaacha. Alirudi nyuma maneno mawili, akaja tena hadi pale, kama mtu anayerudi nyuma ili aruke mtaro. Akakwama tena. Mara ya tatu, pale palipokuwa na mkate, akasema, "Mtoto wangu."

Kisha akaendelea hadi mwisho.

Alisema kwa Kimeru. Mimi nayaandika kwa Kiswahili, kama nilivyozoea kazini. Na katika miaka yangu yote ya ukalimani sijawahi kubeba maneno mawili mazito kama hayo. Niliishika miguu yake tu, ule uliopooza na ule mzima.

Kuanzia hapo aliigeuza ile sala kuwa njia yake. Aliipitia kila asubuhi, na kila alipofika pale alisimama, akapapasa, akaweka kitu. Siku nyingine halikuja neno, akavuka akaendelea. Siku nyingine lilikuja: maji. Mkono. Jirani. Siku moja aliweka jina la baba, nami nikaenda nje. Nilimweleza yule binti wa Laare kliniki iliyofuata, akaacha kuandika akanitazama.

"Hiyo mimi sikumfundisha," akasema. "Inafanya kazi kama mazoezi yetu. Lakini sikumfundisha."

Likizo ilipoisha, wanawake wa kikundi walipokezana kukaa naye hadi nilipopata uhamisho mwaka uliofuata; sasa nafanya kazi karibu na nyumbani. Mama anasema sentensi fupi, za maneno matatu au manne, na akichoka zinapotea. Mkono wa kulia haukurudi. Amejifunza kukata majani ya migomba kwa mkono wa kushoto, vibaya, na hataki kusaidiwa. Kikundi kilimrudishia zamu yake ya kuomba. Hakuna mtu anayempigia makofi tena, wanasubiri. Wakati mwingine wanasubiri muda mrefu mpaka chai inapoa.

Udadisi wangu haujaisha. Mwezi uliopita tulikuwa tumekaa barazani tukichambua maharagwe, nikamwuliza lile nililokuwa nikiliogopa.

"Mama, zile wiki tatu. Ulimkasirikia Mungu?"

Alichambua kiganja kizima kabla ya kujibu. "Sana," akasema.

"Ndiyo maana ukaacha kuomba?"

Akatikisa kichwa. Alitafuta, nami nikasubiri, na safari hii sikuwa nasubiri kama mkalimani. "Sikuacha," akasema. "Nilikaa. Naye alikaa."

"Mlikaa tu? Bila kusema chochote?"

"Haya," akajibu, na nikaona kwa macho yake kwamba safari hii ndilo neno alilolitaka.

Nilitaka kuuliza mengine. Alijuaje kwamba Naye alikaa? Alihisi nini, wapi, mwilini au rohoni? Lakini alikuwa ameshasukuma ungo upande wangu, akinionyesha kwa kidevu kwamba nimeacha mawe matatu ndani ya maharagwe yangu. Niliyatoa. Siku hizi Jumapili naenda naye kanisani, nakaa karibu na dirisha, na inapofika pale pa kuomba mkate mimi pia husimama kidogo, niangalie kama kuna neno lolote litakalokuja.