Kisigino cha Wifi Mgongoni Mwangu

Wifi yangu alipanda mgongoni kwangu kwa miguu miwili, na mfupa ukavunjika. Wote waliokuwa uani walisikia. Yeye akacheka, "Umesikia? Uchovu umetoka huo!" Tangu siku hiyo sijasimama wima.

Nilikuwa sijafika miaka thelathini. Kule Madibira tunapandikiza mpunga tumeinama tangu asubuhi, na mgongo ukiuma unalala kifudifudi, mwenzako anakukanyaga. Ndiyo kawaida yetu. Ila mimi uliniuma hata nikiwa nimelala, na damu ikaniishia, nikaenda kwa tabibu. Hakunipima chochote. Aliniandikia sindano za maumivu, akasema, "Dada, wewe bado kijana, mifupa ni shida ya wazee. Nenda ukakanyagwe." Nikirudi, anawaambia wagonjwa wenzangu, "Mvivu wa mpunga kaja tena."

Mbeya ndiko walikonipima damu na uboho. Wakaniambia ni saratani inayotafuna mifupa kwa ndani. Huwapata zaidi wazee, lakini na vijana wamo. Na zile sindano zilikuwa zinaniharibu figo.

Wifi simsamehi, lakini yeye hajasoma, kama mimi tu. Wewe tabibu umesoma. Nasikia umehamia Iringa, una duka la dawa na kitambi. Sasa nimepata nafuu ya kupanda basi. Nakuja kukaa mlangoni pako, wateja wako wakisikia, na utanijibu: kwa nini hukunipima damu?