Deli la Soda za Ukweni

Nina diploma ya ufundi wa majokofu niliyoisomea ng'ambo kwa pesa yangu mwenyewe, kwa hiyo ukoo ulipokwenda Ukerewe kumposea mdogo wangu, nilikabidhiwa soda. Boti haina friji. Pale Kirumba, tulikopandia boti, nilijaza barafu tupu kwenye deli, lile kasha la kutunzia baridi, lipoe kwanza ndipo nipange chupa, kama wataalamu tufanyavyo. Kisha nikaitwa kupandisha wazee botini.

Ziwani shangazi aliomba soda.

"Ukifungua, baridi inatoka, shangazi. Hii ni fani yangu."

"Haya, tutakufa kiu kitaalamu."

Ukweni walitupokea. Nikaeleza kidogo kuhusu diploma yangu, nikafungua deli. Barafu nzima, soda hakuna hata moja. Baba wa binti akachungulia.

"Mwanangu, kwenu mnaposa kwa barafu?"